Telegramu ya Boston iliyopitia London: theluji, nguzo na simu zilizokatika

Katikati ya Machi 1888, mfanyabiashara wa New York aliyetaka kumpelekea mwenzake wa Boston telegramu alikwama. Miji hiyo haiko mbalimbali kihivyo: kwa barabara ni kama Dar es Salaam hadi Tanga. Lakini nyaya za nchi kavu kati ya miji hiyo zilikuwa zimelala kwenye theluji pamoja na nguzo zake. Ikabidi ujumbe utumwe kwa waya wa baharini, uvuke Atlantiki hadi London, halafu London waurudishe Marekani kwa waya mwingine mpaka Boston. Karibu kilomita 10,000 kumfikia mtu wa mji wa jirani.

Nyaya za baharini hazikuwa na habari na theluji, zilikuwa kwenye kina kirefu zimetulia. Na tukumbuke kwamba Zanzibar ilishaunganishwa na waya wa baharini tangu 1879, kupitia Aden. Kwa hiyo, kwa siku zile chache, karani wa Unguja alikuwa na njia ya kufika London wakati karani wa New York hana njia ya moja kwa moja kufika Boston. Wazee wetu waliposema "nimepata simu" walimaanisha telegramu hiyohiyo. Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi na maana yake ni waya. Leo simu haina waya, jina limebaki.

Nimeichagua dhoruba hii ya 1888 kwa sababu ukiifuata vizuri inakuonyesha kitu ambacho mara nyingi hatukioni: kurudisha mawasiliano baada ya dhoruba si kazi ya kufunga waya uliokatika tu. Kila kizazi cha mafundi kimetatua tatizo la dhoruba iliyopita, na dhoruba iliyofuata ikapita mlango mwingine.

Hebu tuanze na siku yenyewe. Jumapili ya tarehe 11 Machi New York ilikuwa na mvua, na siku chache kabla hali ya hewa ilikuwa nzuri tu. Hakuna aliyetabiri kilichokuja. Usiku wa manane mvua ikageuka theluji, joto likaporomoka, upepo ukashika kasi, na haukuachia hadi siku ya tatu. Mjini New York ilianguka theluji ya karibu sentimita 53. Sehemu za Connecticut, Massachusetts na kaskazini mwa jimbo la New York zilipata zaidi ya mita moja. Ila tatizo kubwa lilikuwa upepo: ulikuwa unaizoa theluji na kuirundika, mpaka nyumba zikafunikwa kufikia madirisha ya ghorofa. Treni za juu ya barabara ziligoma zikiwa na watu ndani, na wajanja wakaja na ngazi wakiwatoza abiria fedha ili washuke. Watu kama 400 walikufa, nusu yao mjini New York.

Sasa angalia mji huo kwa macho ya fundi wa simu. New York ya wakati ule ilikuwa msitu wa nguzo. Kila kampuni ilikuwa na nguzo zake: za telegramu, za simu, za taa, za kengele za zimamoto, za kupeleka bei za hisa. Baadhi ya nguzo zilifika mita 27 kwenda juu, zimebeba mbao za mlalo moja juu ya nyingine, na kila ubao nyaya zake. Ukiziona picha za Broadway za miaka ile utadhani kuna mtu ametanda wavu juu ya mtaa. Na nyaya nyingi zilikuwa chuma kitupu, hazina ganda.

Waya wa namna hiyo hauvunjwi na upepo peke yake. Unavunjwa na barafu na upepo wakishirikiana, na hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Tuseme waya wa chuma wenye kipenyo cha milimita 4. Mita moja ya waya huo ina uzito wa gramu 100 hivi. Tuseme barafu imejikusanya kuuzunguka kwa unene wa sentimita 2 kila upande. Piga eneo la duara la nje, toa la ndani, zidisha na msongamano wa barafu: unapata kama kilo 1.36 kwa kila mita. Yaani waya sasa una mzigo mara 13 au 14 ya uzito wake mwenyewe. Kati ya nguzo na nguzo ukiweka mita 40, waya mmoja unabeba kilo 54. Nguzo yenye nyaya 50 inabeba karibu tani 2.7. Halafu waya uliokuwa na unene wa milimita 4 sasa una unene wa milimita 44, kwa hiyo upepo unapata kitu kinene mara 11 cha kusukuma. Ni kama umetundika tanga. Nguzo moja ikishindwa, nyaya zinaivuta jirani yake, nayo inamvuta wa tatu, na mstari mzima unalala kama karata.

Kwa hiyo mafundi walipotoka, hawakukuta waya mmoja umekatika mahali pamoja. Walikuta umekatika mamia ya mahali, reli zimezibwa, farasi hawapiti. Walianzia wapi?

Hapa ndipo napapenda zaidi, kwa sababu mbinu waliyokuwa nayo bado tunaitumia. Huwezi kutembea kilomita 300 ukikagua kila nguzo. Unakaa kituoni, unauuliza waya wenyewe. Ukinzani wa waya unaongezeka kadiri waya unavyorefuka. Tuseme waya wako una ukinzani wa omu 8 kwa kilomita, ambacho ni kiwango cha kawaida cha waya wa chuma wa wakati ule. Ukipima kwa kifaa kinachoitwa daraja la Wheatstone ukapata omu 240, basi waya unagusa ardhi yenye unyevu umbali wa kilomita 30 hivi. Gawanya 240 kwa 8, basi. Kazi halisi haikuwa safi namna hiyo, maana ule mguso wenyewe wa waya na ardhi una ukinzani wake na unakudanganya. Ndiyo maana walibuni njia ya kutumia waya wa pili mzima kama njia ya kurudia, ili ukinzani wa mguso uondoke kwenye hesabu. Kwa njia hiyo fundi aliweza kuondoka kituoni akijua anaelekea wapi. Na akifika, akirekebisha, anapima tena: sasa waya unasema kilomita 41. Anaendelea. Unaona? Hitilafu ya mbali inafichwa na ya karibu. Huwezi kuijua ya pili mpaka umalize ya kwanza. Ndiyo sababu kampuni haziwezi kukwambia siku ya kwanza kwamba huduma itarudi lini, na wateja wanadhani wanadanganywa. Wakati mwingine wanadanganywa kweli, lakini si kila mara.

Jambo la pili walilokuwa nalo ni kwamba hawakuhitaji kuinua nyaya zote. Tangu 1874 Thomas Edison alikuwa ameshatengeneza mfumo wa kupitisha telegramu nne kwa waya mmoja kwa wakati mmoja, mbili kila upande. Waya mmoja ukiunganishwa, njia nne zimefunguka. Simu za sauti hazikuwa na bahati hiyo: waya mmoja, au jozi moja, mazungumzo mamoja. Kwa hiyo telegramu ilitangulia kurudi, na simu zikafuata nyuma.

Vitabu vingi na makala nyingi vitakwambia kwamba dhoruba hiyo ndiyo iliyozika nyaya za New York. Mimi naona hiyo ni nusu ya habari. Sheria ya jimbo iliyotaka nyaya zizikwe kwenye miji mikubwa ilipitishwa 1884, miaka minne kabla ya theluji, na ilitoa muda hadi tarehe 1 Novemba 1885. Muda ukapita. Kampuni zilikwenda mahakamani, zikaahirisha, zikasema mabomba ya chini hayajawa tayari. Dhoruba ya 1888 haikuleta wazo jipya. Ilichofanya ni kuondoa visingizio, tena si vyote. Ilibidi Meya Hugh Grant, aliyeingia madarakani 1889, atume vikosi vya watu wenye mashoka kukata nguzo za kampuni zilizokaidi. Na Oktoba mwaka huohuo fundi mmoja wa telegramu aliuawa na umeme juu ya nguzo katikati ya mji, mchana watu wakienda kula, kwa sababu waya aliodhani ni wa telegramu ulikuwa umegusana mahali na waya wa taa wenye umeme mkubwa. Mwili wake ulining'inia pale umma ukitazama. Kifo hicho nadhani kilizika nyaya nyingi kuliko theluji.

Na kwani kampuni zilikuwa na ubahili tu? Hapana, na hapa lazima tuwatendee haki. Kulikuwa na tatizo la kweli la fizikia.

Waya ulio juu ya nguzo umezungukwa na hewa, na mwenzake yuko mbali. Ukizichukua nyaya mia ukazibana kwenye bomba moja, kila jozi inakuwa ndoo ndefu inayohifadhi chaji. Hicho ndicho tunachokiita kapasitansi. Kila sauti inapotaka kupita, inabidi kwanza ijaze ndoo hiyo na kuimwaga, maelfu ya mara kwa sekunde. Sauti nzito zinapita, sauti nyembamba zinafia njiani, na kwa kuwa herufi kama s, f na t zinaishi kwenye sauti nyembamba, unachosikia upande wa pili ni mtu anayezungumza akiwa na blanketi mdomoni. Telegramu haikuumia sana maana nukta na mistari yake inakwenda polepole. Simu iliumia. Mwanzoni ukizika waya wa simu kilomita chache tu, mazungumzo yanakuwa manung'uniko.

Ufumbuzi ulikuja kwa mafungu. Kwanza, karatasi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuwa wanazungushia kila waya karatasi kavu iliyolegea, halafu fungu zima wanalivika bomba la risasi lisilopitisha maji. Karatasi iliyolegea maana yake ni hewa nyingi ndani, na hewa inapunguza ile ndoo. Kitu cha bei rahisi kabisa, karatasi, kikaokoa teknolojia nzima. Hatari yake ni maji: risasi ikitoboka tundu la sindano, karatasi inanyonya unyevu na mamia ya simu yanakufa pamoja. Pili, koili. Mwaka 1899 na 1900 George Campbell wa AT&T na Michael Pupin wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba ukiweka koili kwenye waya kila baada ya umbali uliopimwa sawasawa, hasara ya sauti inapungua sana. Hataza ilikwenda kwa Pupin na kampuni ikamlipa vizuri. Ghafla kuzika waya wa simu kati ya mji na mji kukawa jambo linalowezekana.

Msukumo wa kufanya hivyo ulitoka tena juu mawinguni. Tarehe 4 Machi 1909, siku ya kumwapisha Rais William Taft, theluji ya sentimita 25 iliangukia Washington. Kiapo kikahamishiwa ndani ya ukumbi wa Seneti, nyaya zikaanguka pande zote, na mji mkuu wa Marekani ukawa kisiwa siku ambayo waandishi wa habari wote walikuwa pale wakitaka kutuma habari. Kwa kampuni ya simu hiyo ilikuwa aibu ya hadharani. Miaka michache baadaye AT&T ikawa na waya uliozikwa kutoka Boston kupitia New York na Philadelphia hadi Washington, zaidi ya kilomita 700. Hesabu ya barafu na nguzo haikuwa na kazi tena kwenye njia hiyo.

Sasa kuna badiliko lingine lililofanyika kimyakimya wakati huohuo, na bila kulielewa hutaelewa dhoruba za zama zetu. Simu za kwanza zilikuwa na betri ndani ya nyumba ya mteja na mkono wa kuzungusha ili kumwita opereta. Kuanzia miaka ya 1890 kampuni zikaanza kuondoa betri hizo na kuweka betri kubwa moja kwenye kituo cha kuunganishia simu. Umeme wa kuendesha simu yako ukawa unakuja kwa waya uleule unaobeba sauti, kwa kawaida volti 48. Kituoni kuna chumba kizima cha betri za asidi, na nyuma yake jenereta. Umeme wa mtaani ukikatika, simu ya mezani haina habari. Wale waliokulia na simu za mezani mnakumbuka: giza totoro, mnatafuta mishumaa, na simu bado inatoa mlio ukiinua. Haikuwa bahati, ulikuwa uamuzi wa wahandisi.

Uamuzi huo ulipata mtihani wake mkubwa Januari 1998 huko Québec, Kanada. Kwa siku tano hivi ilinyesha mvua inayoganda, yaani mvua ya maji ambayo inageuka barafu ikigusa kitu chochote chenye ubaridi. Kusini mwa Montréal ilifika milimita 100. Zaidi ya minara 1,000 ya chuma ya umeme mkubwa ilikunjika, na makumi ya maelfu ya nguzo za mbao zikavunjika. Québec peke yake watu zaidi ya milioni tatu walikosa umeme, na katika eneo la mashamba kusini-mashariki mwa Montréal, lililobatizwa pembetatu ya giza, wengine walikaa zaidi ya mwezi, katikati ya Januari ya Kanada. Jeshi likaingia, askari zaidi ya 15,000.

Simu za mezani zilihimili kuliko umeme kwa mbali sana. Palipoanguka nguzo, ni kweli, simu nayo ilikwenda. Lakini mji wenye giza ulikuwa bado na sauti. Kilichowahangaisha mafundi wa simu ni makabati: yale masanduku ya chuma ya kando ya barabara ambayo kampuni zilianza kuyaweka ili kupeleka huduma vitongojini bila kujenga kituo kamili. Kabati lina betri ya saa kadhaa, halina jenereta. Kwa hiyo kazi ya kurudisha simu ikawa kazi ya udereva: unafika na jenereta ya kubebeka, unachaji betri, unafungua, unakimbilia kabati lingine, na lile la kwanza linaanza kuhesabu saa tena. Fundi wa 1888 alikuwa anakimbizana na waya. Huyu wa 1998 anakimbizana na mafuta ya dizeli.

Miaka saba baadaye mambo yaligeuka kabisa. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Januari 2005, dhoruba iliyoitwa Gudrun ilipita kusini mwa Sweden na kuangusha misitu, kiasi cha mita za ujazo milioni 75 za miti. Theluji haikuwa tatizo; ardhi haikuwa imeganda, kwa hiyo mizizi haikushika. Wateja wa umeme wapatao 730,000 walikatika, na simu za mezani karibu 300,000 zikanyamaza. Sweden ilikuwa nchi ya simu za mkononi, watu wakadhani watajisevu na hizo. Kwa saa chache, ndiyo. Halafu betri za minara zikaisha moja baada ya nyingine.

Hapo likajitokeza fundo ambalo mpaka leo ndilo linalowasumbua wanaopanga maafa. Mafundi wa umeme walikuwa wametawanyika msituni na misumeno yao, na wanaratibiwa kwa simu za mkononi. Minara ya simu inasubiri umeme. Mafundi wa umeme wanasubiri simu. Nani aanze? Wakati mwingine ilibidi mtu aendeshe gari kilomita nyingi kwenda tu kuuliza "waya huu umeshazimwa? Naweza kuushika?" Na swali hilo si la kupuuza, kumbuka yule fundi wa New York. Kazi ya kusafisha miti baada ya Gudrun iliua watu pia, si dhoruba yenyewe tu. Sweden ilijibu kwa sheria: kuanzia tarehe 1 Januari 2011 umeme hauruhusiwi kukatika zaidi ya saa 24 kwa sababu zilizo ndani ya uwezo wa kampuni, na mteja anaanza kudai fidia baada ya saa 12. Kampuni zikaanza kuchimba mitaro. Ilikuwa New York tena, safari hii ni nyaya za umeme zinazozikwa, na msituni badala ya mjini.

Na intaneti? Njia kuu za intaneti siku hizi ni mkongo, yaani nyuzi za kioo, na hizo nazo zinauzwa hadithi kama zile za nyaya zilizozikwa: zikiwa chini ziko salama. Kwa kweli ziko salama zaidi. Zikikatika, mbinu ya kuzitafuta ni mjukuu wa daraja la Wheatstone. Fundi anakaa kituoni, anapiga mweko mfupi wa mwanga ndani ya uzi, anasubiri mwangwi. Mwanga ndani ya kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde moja gawanya kwa elfu kumi, basi mwanga umesafiri kilomita 20 kwenda na kurudi, na hitilafu iko kilomita 10. Anachukua gari, anafungua chemba, anaunganisha nyuzi kwa cheche ya umeme inayoyeyusha kioo. Kazi inayohitaji mikono isiyotetemeka. Jaribu kuifanya kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri.

Hata ile safari ya kupitia London imebaki. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika kusini mwa pwani yetu, intaneti Tanzania na nchi jirani ilididimia kwa siku kadhaa, mpaka mawasiliano yalipohamishiwa njia nyingine ndefu na zenye nafasi ndogo. Baruapepe yako ya kwenda mtaa wa pili pengine ilizunguka Ulaya. Tofauti na 1888 ni kwamba leo mitambo inatafuta njia mbadala yenyewe, bila karani kuombwa.

Lakini kioo hakipitishi umeme. Hii ni sentensi fupi ila ina matokeo makubwa. Ile volti 48 iliyokuwa inasafiri na sauti imeondoka pamoja na shaba. Simu inayopita kwenye mkongo inategemea kisanduku ndani ya nyumba yako, na kisanduku kinategemea soketi ya ukutani. Tumerudi kabla ya miaka ya 1890, kila mteja na betri yake, isipokuwa wengi hawana hata hiyo betri. Sisi Afrika Mashariki, ambao wengi wetu tuliruka hatua ya shaba tukaenda moja kwa moja kwenye minara, tumeishi na hali hiyo tangu mwanzo: mnara una betri na jenereta, na mwenye mnara anajua bei ya dizeli kuliko bei ya simu. Kwetu si jambo geni. Nchi zilizozoea shaba ndizo zinazoshtuka.

Uingereza ilishtuka tarehe 26 Novemba 2021, dhoruba Arwen ilipopiga Scotland na kaskazini mwa England. Kaya zaidi ya milioni moja zilikosa umeme, na karibu 4,000 zilikaa hivyo zaidi ya wiki, nyingi zikiwa vijijini ambako mtandao wa simu za mkononi ni dhaifu hata siku ya jua. Wakati huohuo kampuni ya BT ilikuwa inawahamisha wateja kutoka simu za shaba kwenda simu za intaneti. Mwongozo wa mamlaka ya mawasiliano, Ofcom, ulitaka wateja wanaotegemea simu ya mezani wawe na njia ya kupiga simu za dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika. Linganisha saa moja na wiki. Wazee waliokuwa peke yao, wagonjwa wenye vifaa vya kuita msaada vilivyounganishwa na laini ya simu, jamaa zao wakaanza kuuliza maswali, na dhoruba zaidi zikafuata Februari 2022. Machi 2022 BT ikasimamisha kwa muda uhamishaji huo. Ulipoanza tena, tarehe ya kuzima kabisa mtandao wa zamani, iliyokuwa Desemba 2025, ikasogezwa hadi Januari 2027, na betri za akiba zikaanza kugawiwa kwa wale waliohesabiwa kuwa katika hatari zaidi.